Ndege wa Uani na Swali Tusilowauliza Wagonjwa

Nyuma ya nyumba ninayoishi hapa Mzumbe upo waya wa umeme unaopita juu ya mwembe, na mdiria mmoja ameufanya waya huo kuwa kiti chake. Si mdiria wa kuvua samaki. Huyu huishi mbali na maji. Hukaa kimya akiyatazama majani, kisha hushuka ghafla, humnasa panzi na kurudi palepale alipokuwa. Mgongo na mkia wake ni wa bluu inayong'aa, kifua chake ni cheupe kinachoelekea kijivu, na mdomo wake ni mwekundu upande wa juu na mweusi upande wa chini. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikimpiga picha kila anapoonekana, yeye pamoja na majirani zake: chozi wanaonyonya maua ya mshubiri, mnana wa manjano wanaosuka viota katika mnazi wa jirani, na kwezi wanaogombea mapapai kabla sisi wenyewe hatujayafikia.

Huenda msomaji akajiuliza mambo haya yanatafuta nini katika jarida la afya. Yamo humu kwa sababu ndege hao walinionyesha kasoro katika kazi yangu. Mimi ni daktari bingwa wa macho. Nimelisomea jicho kwa miaka mingi, nami hulichunguza kila siku ya kazi. Hata hivyo, lilikuwapo swali moja jepesi ambalo sikuwa na desturi ya kuliuliza, na kwa kutokuliuliza, mtu wa karibu nami alipoteza sehemu ya uoni wake ambayo haitarudi. Maoni yangu ni kwamba swali hilo liingie katika kila kliniki na kila zahanati, na kwamba njia rahisi kwa mtu wa kawaida kujiuliza swali hilo mwenyewe ni kumtazama, na akiweza kumpiga picha, ndege wa rangi aliye karibu na nyumba yake.

Kwa nini awe ndege wa karibu? Sisi tunaoishi chini ya Milima ya Uluguru tumezoea kuwaona wageni wakipandisha mlima na kamera ndefu. Wana sababu njema. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na katika misitu yake ya juu wamo ndege wasiopatikana penginepo popote duniani. Mmoja wao ni chozi wa Loveridge, aliyeingizwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1922 na kupewa jina la Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Tanganyika. Kumwona ndege huyo ni fahari, lakini ni fahari ya siku moja. Ndege wa uani tunamwona leo, kesho na mwezi ujao, mahali palepale, katika mwanga uleule wa asubuhi. Sisi wa afya tunajua kwamba kipimo kina maana zaidi kinaporudiwa. Shinikizo la damu lililopimwa mara moja hutuambia machache; lililopimwa kila mwezi hutueleza habari nzima. Vivyo hivyo kwa macho. Ukimfahamu vizuri ndege mmoja, siku atakapoonekana tofauti utatambua, na hapo ndipo pa kujiuliza ni nani aliyebadilika, yeye au wewe.

Mgonjwa wa kwanza aliyegunduliwa kwa njia hiyo nilikuwa mimi mwenyewe. Nilipokuwa na umri wa miaka 43 nilinunua kamera iliyokwishatumika. Ndege kwa mbali nilimwona sawasawa, lakini nilipoitazama picha kwenye kioo cha kamera, manyoya yalionekana kama yamefunikwa na ukungu. Nililaumu lenzi. Nilimrudia fundi mara mbili, naye kila mara alinirudishia kamera akisema haina ubovu. Siku moja mwanangu wa miaka 12 aliishika, akasema picha ni safi kabisa, kisha akaniuliza kwa nini ninaponyoosha mkono kuangalia picha ninaunyoosha mbali hivyo. Nilicheka kwa aibu. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho hupungukiwa na ulaini wake, na mtu hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Ni badiliko la kawaida linalompata kila binadamu, na tiba yake ni miwani ya kusomea. Nimewaandikia watu wengi miwani hiyo. Yangu niliichelewesha kwa miezi minane kwa sababu niliona ni rahisi zaidi kukilaumu chombo kuliko kulishuku jicho.

Kosa langu la pili halikuwa la kuchekesha.

Ng'ambo ya ua wetu anaishi mwalimu mstaafu, mtu mzima wa heshima aliyefundisha vijana wengi wa eneo hili. Nimepata ridhaa yake kusimulia haya bila kumtaja jina. Kila Jumamosi hupita nikiwa nimekaa na kamera, nami humwamkia, naye hujibu marahaba na kuulizia mavuno ya picha. Asubuhi moja alisimama muda mrefu akiutazama mwembe, kisha akasema, "Daktari, ndege wa siku hizi hawana rangi kama wale wa zamani." Nilimjibu kwa mzaha wa ujirani kwamba kila kizazi kilichostaafu husema hivyo, hata kuhusu muziki na mchele. Tukacheka, akaendelea na safari yake.

Ilipita zaidi ya nusu mwaka. Nilikuwa nimesafisha picha kadhaa mjini Morogoro, nikampelekea mbili za mdiria kwa kuwa alimpenda. Alizishika karibu na dirisha, akazigeuza, akanishukuru, kisha akauliza, "Na huyu wa kijivujivu anaitwaje?" Alikuwa ameshika picha ya mdiria yuleyule tuliyekuwa tukimtazama pamoja miaka yote. Hapo ndipo maneno yake ya awali yaliponirudia, na moyo wangu ukashtuka.

Nilimwomba aje kliniki wiki hiyohiyo. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa vya kutosha kulifanya lione kama kupitia chai. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho mdogo zaidi, lakini nyuma yake niliona jambo zito: neva ya jicho ilikuwa imechimbika na kupauka, na shinikizo ndani ya jicho lilikuwa juu. Ilikuwa glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, na ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa ya uwanja wa kuona wa jicho hilo. Katikati aliona. Pembeni hakukuwa na kitu.

Naomba wasomaji wasio wataalamu waniruhusu nieleze tofauti ya maradhi haya mawili, kwa sababu hukumu zake si sawa.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyopoteza uangavu wake. Mara nyingi hugeuka polepole kuwa ya manjano na kisha ya kahawia. Lenzi ya namna hiyo huzuia zaidi mwanga wa bluu kuliko mwanga mwekundu, na ndiyo maana rangi ya bluu, ya zambarau na weupe safi hufifia mapema. Kwa kuwa mabadiliko huchukua miaka, ubongo huyazoea, na mtu hudhani kwamba dunia ndiyo iliyochakaa. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa, mtu aliyeishi kwa rangi, alitambuliwa kuwa na mtoto wa jicho mwaka 1912. Aliuogopa upasuaji kwa zaidi ya miaka kumi. Katika miaka hiyo picha zake zilizidi kuelemea rangi nyekundu na ya kahawia. Alipofanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 82, alilalamika mwanzoni kwamba sasa kila kitu kilikuwa cha bluu kupita kiasi. Upasuaji wa zama zake ulikuwa mgumu, na mgonjwa alibaki bila lenzi ndani ya jicho. Wa leo ni tofauti kabisa: lenzi iliyochafuka huondolewa, lenzi bandia huwekwa mahali pake, na kwa kawaida kazi hiyo huisha katika muda usiofika saa moja, kwa ganzi ya jicho tu. Upofu wa mtoto wa jicho, ambao ndio unaoongoza duniani, hutibika.

Glakoma haina upole huo. Katika aina inayopatikana zaidi kwetu, neva inayopeleka habari kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo hufa taratibu, bila maumivu wala wekundu. Uoni hupotea kuanzia pembeni, na katikati hubaki pazuri hadi hatua za mwisho. Kilichokufa hakirudi. Dawa za matone, mionzi ya leza au upasuaji vinaweza kukilinda kilichobaki, na hilo ndilo lengo la tiba. Watu wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa zaidi, na vilevile mtu ambaye mzazi, mtoto au ndugu yake wa tumbo moja ana ugonjwa huu.

Sasa tuangalie ubao wetu wa herufi, ule tunaoutundika mita sita mbele ya mgonjwa. Ni chombo chema, lakini hupima uoni wa katikati, kwa herufi nyeusi juu ya weupe. Haumuulizi mtu habari za rangi wala habari za pembeni. Mwenye glakoma iliyokwenda mbali anaweza kuusoma vizuri, akaambiwa yuko salama na kurudishwa nyumbani. Jirani yangu alikuwa amepimwa hivyo mahali fulani mwaka mmoja kabla, kila jicho peke yake, na jicho lake la kushoto ndilo lililosoma mistari mingi zaidi.

Swali ambalo hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwa wa kwanza katika lawama, ni hili: "Ni kitu gani ulichozoea kukiona vizuri ambacho siku hizi hukioni kama zamani?" Yeye alilijibu hata kabla ya kuulizwa, juu ya ua, mbele ya daktari wa macho. Niliyachukua maneno yake kuwa malalamiko ya uzee.

Wenzangu watoa huduma, ninawaomba tuliweke swali hilo katika mazungumzo yetu ya kila siku. Halihitaji kifaa wala bajeti. Linahitaji tu tulifunge kwenye maisha ya mgonjwa. Wagonjwa wengi hawatakuja wakisema kwamba bluu imefifia, na wazee wengine hawalitumii hata neno bluu katika mazungumzo yao. Watataja nili, bahari au anga. Kwa hiyo tuwaulize kwa vitu. Mfugaji ataulizwa kuhusu mifugo yake, mama wa sokoni kuhusu nyanya zilizoiva na zisizoiva, fundi cherehani kuhusu nyuzi zake. Mgonjwa wa shinikizo la damu na kisukari tumuulize kama bado anavitofautisha vidonge vyake kwa rangi, kwa sababu akivichanganya hatari haitakuwa ya macho peke yake. Na kwa glakoma tuulize habari za pembeni: je, bodaboda humtokea ghafla bila yeye kuiona ikija? Je, hujigonga kwenye mlango au kumwaga chai iliyokuwa kando yake? Majibu ya maswali haya hayathibitishi ugonjwa, ila yanatosha kumpa mtu rufaa ya kupimwa shinikizo la macho na kuangaliwa neva.

Nanyi wasomaji ambao ni wagonjwa au mnawauguza wagonjwa, nawashauri mchague ndege mmoja wa rangi wa nyumbani kwenu. Simu yenye kamera inatosha, na asiye na simu atatumia macho yake. Mpigeni picha asubuhi, jua likiwa nyuma yenu. Chozi atawashangaza: kijani na zambarau yake hazitokani na rangi iliyopakwa katika unyoya, bali hutokana na jinsi mwanga unavyorudishwa na tabaka nyembamba mno zilizomo ndani yake, na ndiyo maana akigeuka kidogo huonekana mweusi. Mara moja kwa mwezi, mtazameni ndege wenu kwa jicho moja huku lingine limefunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha mbadilishe. Je, bluu ni ileile kwa macho yote mawili? Je, manjano ya jicho moja ni chafu kuliko ya lingine? Je, upo upande ambao ndege hutoweka? Yeyote atakayeona tofauti aende akapimwe bila kungoja.

Nina wajibu wa kusema pia mipaka ya jambo hili. Ndege si kipimo cha kitabibu. Ubongo una ustadi wa kuziba mapengo. Kila mmoja wetu ana doa dogo lisiloona katika kila jicho, pale neva inapotokea, na wala hatulitambui. Kwa sababu hiyohiyo glakoma changa inaweza kukwepa jaribio lolote la uani. Aliyefikisha miaka 40 apimwe macho kikamilifu hata kama ndege wake wote wanang'aa, na mwenye kisukari achunguzwe retina kila mwaka. Anayepoteza uoni ghafla, anayeona mimweko au pazia jeusi, au mwenye jicho jekundu lenye maumivu makali, afike hospitali siku hiyohiyo. Msielekeze kamera wala darubini kwenye jua huku mkitazama ndani yake. Mwanga uliokusanywa na lenzi unaweza kuiunguza retina. Na hakuna tone, jani wala chakula kinachomyeyusha mtoto wa jicho. Wanaoweka dawa za mitishamba ndani ya jicho hutufikia mara nyingi wakiwa na vidonda vya konea, na hapo tunapambana na tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Wapo watakaosema kwamba kupiga picha ndege ni starehe ya wenye nafasi, na kwamba katika nchi ambayo madaktari bingwa wa macho ni wachache tuna mambo mazito zaidi ya kuandika. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa nami nimefanya kazi mahali ambapo foleni huanza kabla ya mapambazuko. Lakini uchache wetu ndio unaonifanya niandike. Kama mabingwa ni wachache, basi kazi ya kugundua kwamba kuna tatizo haiwezi kubaki mikononi mwao. Lazima ianzie nyumbani, kwa mtu anayelijua jicho lake, ipitie kwa mhudumu wa afya anayejua la kuuliza, ndipo ifike kwetu mapema. Wala kumtazama mnana akisuka kiota hakumgharimu mtu chochote. Watoto wetu tayari wanawatazama ndege hao kila siku, ila wengi wao wana manati mikononi. Nimewahi kushona jicho la mtoto lililopasuliwa na jiwe la manati lililokusudiwa ndege. Mtoto akipewa simu ya mzazi kwa dakika kumi ili alete picha ya ndege, ndege atabaki hai, na macho yatabaki mazima. Tumfundishe pia asikisogelee kiota wala asikate matawi yanayokificha.

Jirani yangu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Juma moja baadaye alikuja uani bila kuitwa, akasimama mahali pake pa siku zote. Mdiria alikuwa juu ya waya. Mwalimu alimtazama kwa muda, akafunika jicho la kulia, akafunua, akafunika tena. "Kumbe ni yuleyule," alisema. Kisha ndege akaruka kwenda kushoto, naye akachelewa kumfuata. Ilimbidi ageuze kichwa chote ndipo ampate kwenye mwembe. Tangu hapo huweka matone kila jioni, na atayaweka maisha yake yote ili kukilinda kile kilichobaki.

Tulipomweleza kwamba ugonjwa huu hutembea katika damu, aliwaita wanawe na wadogo zake wote waje kupimwa. Walikuja saba. Binti yake mmoja, aliyekuwa akisoma ubao wa herufi hadi mstari wa mwisho, alikutwa na glakoma ikiwa changa. Yeye hajapoteza kitu, naye ameanza matone.

Jumamosi iliyopita Mwalimu alipita tena. Kabla sijamwamkia vizuri nilimuuliza ameona nini asubuhi hiyo, na safari hii nilikaa kimya nikamsikiliza hadi mwisho.